Shajara ya mradi: mpaka usioandikwa

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Sikukuu ya taifa imekwisha, mji wa Tianjin hapa China umerudi kazini, na mwalimu wangu ameupitisha mradi kwa sharti moja: usile pesa ya maabara. Nilikubali haraka asije akageuza mawazo. Laptopu ninayo, programu ya PsychoPy, ya kuendeshea majaribio ya saikolojia, haina malipo, na washiriki nitawapata kwa chai ya maziwa.

Naandika hapa ili nisije nikajidanganya mwezi wa pili kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Swali lenyewe ni hili. Kichina huandikwa bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Hanzi, yaani alama za maandishi ya Kichina, hufuatana, kila moja ndani ya mraba wake, umbali ule ule tangu mwanzo wa sentensi hadi nukta. Anayetaka kuonja asome hii: babaamekwendakununuamkatewamotodukani. Utafika mwisho, lakini utakuwa umetafuna. Mchina hatafuni. Amesoma hivyo tangu darasa la kwanza, na ukimwambia kuna kitu kinakosekana kwenye ukurasa atakushangaa.

Na maneno yapo. Hapo ndipo wageni wengi tunapopotea, kwa kudhani kila hanzi ni neno. Orodha ya maneno ya kawaida ya Kichina cha leo iliyochapishwa mwaka 2008 ina maneno 56,008. Yenye hanzi moja ni asilimia 6 tu. Yenye mbili ni asilimia 72, yenye tatu ni 12, yaliyobaki yana nne na kuendelea. 电 peke yake ni umeme, 话 ni usemi, na 电话 ni simu. Msomaji asiyejua kwamba hizo mbili zimeshikana atasoma "umeme, usemi" na kubaki anakodoa macho, kama nilivyokodoa mimi mwaka wangu wa kwanza.

Kwa hiyo mpaka wa neno upo, ila haupo kwenye karatasi. Ninachotaka kuona ni kama mpaka huo wa kichwani una nguvu ya kuuelekeza umakini, kama ukingo wa sahani au wa meza unavyofanya.

Njia ya kulipima swali si yangu, nimeiazima. Mwaka 1994 Egly, Driver na Rafal waliwaonyesha watu mistatili miwili sambamba. Ncha moja ya mstatili mmoja inamulika kidogo, kisha kitu (shabaha) kinatokea, nawe unabonyeza ukikiona. Mara nyingi kinatokea pale pale palipomulika. Mara chache kinatokea kwingine: ama ncha ya pili ya mstatili ule ule, ama kwenye mstatili wa jirani, na umbali ni sawa kabisa. Watu huwahi zaidi kinapotokea ndani ya mstatili ule ule. Umakini ukigusa kitu hukitambaa chote kabla ya kuvuka kwenda kwa jirani.

Mwaka 2008 Li Xingshan na Gordon Logan waliiondoa mistatili. Mahali pake waliweka hanzi nne kwa mpangilio wa mraba, zinazounda maneno mawili. Hakuna mstari, hakuna rangi, hakuna kisanduku. Wasomaji wa Kichina waliwahi zaidi shabaha ilipokuwa kwenye neno lile lile. Yaani neno lilifanya kazi ya mstatili.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga laptopu nikaenda kutembea kando ya mto Haihe. Nataka kuiona kwa macho yangu, na kwa watu wa aina mbili: wanaosoma Kichina na wasiokijua kabisa. Kwa hao wa pili hanzi nne ni michoro minne tu, kwa hiyo hakuna kinachopaswa kutokea.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku nne za kutengeneza kadi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Kila kadi ina hanzi nne. Ukisoma mlalo, juu kuna neno na chini kuna neno:

学 生
电 话

Juu ni mwanafunzi, chini ni simu. Wima zinasomeka 学电 na 生话, ambazo si kitu. Kadi nzuri. Nilitengeneza kadi 60 za namna hii nikampelekea shijie, dada aliyenitangulia kwenye maabara, azikague. Alizirudisha na mduara mwekundu kwenye kadi ya tatu.

火 车
山 水

"Shidi (mdogo wangu), hii ni volkano."

Mlalo: 火车 ni treni, 山水 ni milima na maji, yaani mandhari. Lakini wima, upande wa kushoto, 火 juu ya 山 ni mlima wa moto. Maneno mawili yanagombea hanzi moja. Mimi sikuliona kwa sababu macho yangu bado husoma Kichina kwa mstari mmoja tu, kushoto kwenda kulia, kama treni hiyo hiyo. Yeye amekulia kwenye mabango ya maduka yanayoshuka wima, na vitabu vya zamani vinavyosomwa wima kuanzia kulia. Jicho lake linakagua pande zote bila kutumwa.

Kisha akaniongezea mtihani: kadi zisiwe na jozi inayosomeka ikigeuzwa. 蜜蜂 ni nyuki, 蜂蜜 ni asali. 故事 ni hadithi, 事故 ni ajali. Hapo kadi nyingine saba zilikwenda na maji.

Jambo la tatu ni uzito wa wino. 一 ina mstari mmoja, 藏 ina 17, na zote hukaa kwenye mraba wa ukubwa ule ule. Ukiweka moja kando ya nyingine, ile nzito itavuta jicho kwa weusi wake tu. Nimebaki na hanzi zenye mistari kati ya 4 na 12. Maneno nimeyachagua kwenye SUBTLEX-CH, hesabu iliyotokana na maandishi ya chini ya filamu, maneno milioni 33.5, ili yote yawe ya kila siku.

Zimebaki kadi 48. Zinatosha.

Jumanne, 22 Oktoba

Programu inakimbia. Naandika hesabu zake ili nisizisahau.

Kila kadi inaonekana mara 5, jumla majaribio 240. Katika 48 hakitokei kitu chochote, ili mtu asizoee kubonyeza ovyo. Yanabaki 192: katika 144, yaani robo tatu, kitone kinatokea pale pale palipomulika. Katika 24 kinatokea kwenye hanzi ya pili ya neno lile lile, na katika 24 kwenye neno la pili, umbali ule ule. Hizo 24 na 24 ndizo ninazozitafuta. Mengine yote ni ya kuuzoesha umakini uende unakotumwa.

Skrini yangu inachora picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo mmuliko wa milisekunde 100 ni picha 6 kamili. Nilitaka 90 mwanzoni. Haigawanyiki, na kompyuta haikulalamika, ilichora tu ilivyotaka. Nimejifunza kuhesabu kwa picha, si kwa milisekunde.

Leo amekaa mshiriki wa kwanza, shijie. Wa pili ni jamaa yetu kutoka Mbeya, anasoma uhandisi kwa Kiingereza, amefika Septemba, na hanzi hajui hata moja. Chakula anaagiza kwa kuonyesha picha kwenye simu. Kwa mradi wangu huyo ni almasi.

"Kaka, nibonyeze nikiona nini?"

"Kitone cheusi."

"Na haya maandishi?"

"Yaangalie tu."

Jumatano, 23 Oktoba

Matokeo ya shijie yamekaa kama yalivyopikwa: neno lile lile, haraka, neno la pili, polepole. Nimepiga picha ya mchoro nikamtumia mama WhatsApp. Amejibu, "Hongera mwanangu, Mungu azidi kukufungulia." Hajui ni nini, nami sijamweleza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeyafungua matokeo ya jamaa wa Mbeya. Yamefanana na ya shijie.

Nimekaa nayo saa nzima. Mtu asiyejua hanzi hata moja anawezaje kujua neno linaishia wapi? Nikajaribu kujipoza: labda ni bahati, mtu mmoja ni mtu mmoja. Nikajaribu nyingine: labda sisi sote tunaosoma mlalo hutambaza umakini kwa mlalo. Hiyo ina kaukweli, lakini haikunituliza. Mwishoni nikachukua rula ya plastiki, nikaibandika kwenye skrini.

Kati ya hanzi ya kushoto na ya kulia: milimita 4. Kati ya ya juu na ya chini: milimita 9.

Nilikuwa nimeandika kadi kama maandishi ya mistari miwili, programu ikaacha nafasi kati ya mstari na mstari kama inavyofanya kwa maandishi yoyote. Na maneno yangu yote yalikuwa ya mlalo. Yaani nilikuwa nimechora mistatili miwili bila kujua, kwa nafasi tupu badala ya wino. Vitu vilivyokaribiana jicho huviona kundi moja. Hilo wanasaikolojia wa Kijerumani wa Gestalti walilieleza zaidi ya miaka mia iliyopita, na mimi nimelifanyia mtihani na kulipata alama nzuri. Ndiyo maana jamaa wa Mbeya "alisoma" Kichina.

Mama sijamwambia.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimeandika upya. Kila hanzi sasa inachorwa peke yake mahali pake, kwa kipimo, na rula inasema milimita 7 kila upande. Nusu ya kadi maneno yake ni ya mlalo, nusu ni ya wima, na kadi ile ile huwa ya mlalo kwa mshiriki mmoja na ya wima kwa mwingine. Hivyo kama mtu anatambaza umakini kwa mlalo kwa mazoea tu, mazoea yake yatajifuta yenyewe.

Baridi imeanza, mabomba ya joto hayajafunguliwa, na vidole vya washiriki vikiganda kasi yao haina maana. Nimenunua mifuko ya kupasha mikono moto. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya mradi.

Jamaa wa Mbeya amekaa tena. Safari hii sifungui matokeo ya mtu mmoja mmoja. Nitasubiri wafike wote.

Jumatano, 6 Novemba

Leo sikugusa programu. Nilichapisha sentensi kumi kwenye karatasi, nikawapa watu watano wa maabara penseli, nikawaomba wapige mkwaju kila neno linapoishia. Ni wanafunzi wa uzamili wa saikolojia, wote wamezaliwa na Kichina.

Karatasi tano, ukataji wa aina tano.

我的, "yangu": wawili wameliacha neno moja, watatu wamelikata. 吃饭, kula: ni "kula" au ni "kula" na "wali"? Wamebishana mpaka chai ikapoa. 中华人民共和国, jina kamili la nchi yao, mmoja aliliacha zima hanzi zote saba, mwingine alilikata vipande vitatu. Nilikuwa nimesoma kwamba Wachina hawakubaliani juu ya mipaka ya maneno, tangu tafiti za miaka ya 1990, lakini kusoma ni kitu kimoja na kuwaona wakinyang'anyana penseli ni kitu kingine.

Mmoja akasema, kwa uchungu kidogo, kwamba shuleni hawakufundishwa kuhesabu maneno bali hanzi. Ni kweli. Insha ya "maneno 800" hapa ni hanzi 800. Mwanaisimu Zhao Yuanren aliandika mwaka 1968 kwamba hanzi ndiyo "neno la kijamii" la Wachina: kitu ambacho watu wa kawaida hukihesabu, hukiulizia na hukigombania. Neno la wanaisimu, 词, watu huishi nalo bila kulitaja.

Sikucheka, kwa sababu nyumbani kwetu siko salama. Fungua kundi lolote la WhatsApp la Kiswahili uhesabu "kwasababu" na "kwa sababu", "kwahiyo" na "kwa hiyo". Halafu wapo wanaoandika "ana soma", "nina kuja", "tuta onana", wakikata kitenzi kiunoni, na mwalimu wa Kiswahili akiona anaugua. Lakini wote tunaelewana. Anayeandika "ana soma" hajakosea kusikia, ameweka nafasi mahali ambapo na yeye anauhisi mpaka, mpaka mdogo kati ya kiambishi na mzizi. Sisi tunao uhuru wa kukosea nafasi kwa sababu tunaiandika. Mchina hawezi kuikosea; hana pa kuiweka.

Hili limenipa hofu kuhusu kadi zangu. Kama mpaka hutofautiana mtu na mtu, nitapimaje nguvu yake? Nimewapa wale wale watano kadi zote 48 wazikate. Kwenye kadi 45 wamekubaliana wote. Tatu nimezibadilisha. Neno la hanzi mbili likiwa peke yake kwenye kadi halina ubishi. Ugomvi huanza kwenye sentensi.

Jumanne, 12 Novemba

Na sentensi ndiyo kusoma kwenyewe. Kadi ya hanzi nne ni kama kumpima mpishi kwa kumenya kitunguu.

Leo shijie aliniweka kwenye mashine ya kufuatilia macho. Kidevu kwenye kishikizo, paji la uso limeegemea, usitikisike. Mashine inasoma mahali jicho lilipo mara 1,000 kwa sekunde. Macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama tunavyohisi. Yanasimama na kuruka, kama daladala: kituo cha takriban robo sekunde, mruko wa kufumba na kufumbua, kituo kingine. Wakati wa mruko huoni kitu.

Na kwenye kila kituo dirisha ni dogo. Msomaji wa Kiingereza hufaidi herufi 14 au 15 upande wa kulia wa anapotazama, na tatu au nne tu kushoto. Msomaji wa Kiebrania, anayekwenda kulia kwenda kushoto, dirisha lake limegeuka. Kwa hiyo si umbo la jicho, ni mwelekeo wa umakini. Msomaji wa Kichina hufaidi hanzi moja kushoto na mbili hadi tatu kulia. Ni kidogo kwa kuhesabu, lakini kumbuka maneno mengi ni ya hanzi mbili: neno analolitazama, na lile linalofuata.

Anayesoma Kiingereza au Kiswahili huiona nafasi tupu inayokuja kwa pembe ya jicho, na kuirukia: jicho hutua kati ya mwanzo na katikati ya neno. Mchina hana nafasi ya kuirukia. Basi anajuaje aruke wapi? Jibu ninaloliamini zaidi ni la Li Xingshan na wenzake, waliloanza kulieleza mwaka 2009 na kulikamilisha kama modeli ya kompyuta mwaka 2020. Hanzi zote zilizo dirishani huamsha kwa pamoja kila neno linaloweza kutokana nazo. Maneno hayo yanashindana. Linaloshinda huwa limetambuliwa, na kwa kutambuliwa huko limeshajikata. Hakuna kukata kwanza halafu kutambua, wala kutambua kwanza halafu kukata. Yai na kuku wanatoka pamoja.

Sentensi niliyopewa ilikuwa na mtego mkongwe ambao kila anayeshughulika na Kichina ameuonja: 南京市长江大桥. Katwa hivi, 南京市 / 长江大桥, ni Daraja Kuu la mto Changjiang mjini Nanjing, lililofunguliwa mwaka 1968. Katwa vile, 南京市长 / 江大桥, ni Meya wa Nanjing, Bwana Jiang Daqiao. Hakuna bwana huyo. Lakini hanzi ya nne, 长, hata sauti inabadilika kufuatana na mpaka: ni chang kwenye jina la mto, ni zhang kwenye "meya".

Shijie alinionyesha njia ya macho yangu baadaye. Vituo viwili vifupi, kisha kimoja kirefu juu ya 市长, neno ambalo nililikariri mwezi uliopita kwa ajili ya mtihani. Mruko hadi 大桥. Kisha nyuma, nyuma kabisa hadi 南京, na kusoma upya. Nilikuwa nimekwenda na meya mpaka darajani. Njia ya shijie kwenye sentensi hiyo hiyo haina kurudi hata mara moja; daraja analijua tangu utoto, na neno analolijua sana hushinda mapema.

Kiswahili kingeandikwa hivyo tungekuwa na meya wetu. Hapanamtu: hapana mtu, au hapa na mtu?

Jumatano, 20 Novemba

Mabomba yana joto. Washiriki 14 wamekaa, wanaosoma Kichina 9, wasiojua 5. Hao wa pili ni wa kuwinda: kila mgeni aliyeko hapa zaidi ya miezi sita anajua angalau "mlango wa kutokea" na "supu ya tambi".

Mtu mmoja kwenye mkutano wa maabara, mgeni kama mimi, aliuliza kwa nini Wachina wasianze tu kuacha nafasi. Swali hilo huulizwa kila muhula. Jibu lipo, na ni zuri. Mwaka 2008 Bai Xuejun, Yan Guoli, Liversedge, Zang na Rayner waliwapa Wachina sentensi za namna nne: za kawaida, zenye nafasi kati ya maneno, zenye nafasi kati ya kila hanzi, na zenye nafasi mahali pabaya, katikati ya maneno. Mbili za mwisho ziliwachelewesha. Zenye nafasi kati ya maneno hazikuwachelewesha wala kuwaharakisha. Zilisomwa sawa na za kawaida, ingawa hawajawahi kusoma hivyo maishani.

Wengi huisoma tafiti hiyo kama "nafasi hazina faida". Mimi naiona kinyume. Watu hao wana uzoefu wa miaka ishirini na maandishi yasiyo na nafasi, na uzoefu sifuri na yenye nafasi, halafu wanatoka sare? Kuna kitu kimelipa deni la ugeni. Na mpaka ukiuweka pabaya wanajikwaa papo hapo. Mtu asiyekuwa na mpaka kichwani angejikwaaje kwenye mpaka mbaya?

Kwa wanaojifunza hadithi ni nyingine. Tafiti ya mwaka 2012 iliwapa sentensi za namna hizo wanafunzi wa Kichina kutoka Marekani, Korea, Japani na Thailand. Nafasi kati ya maneno ziliwasaidia wote, hata Wathai, ambao lugha yao nayo huandikwa bila nafasi. Mswahili hakuwepo humo, lakini nimejipima mwenyewe kwa njia ya kienyeji: nilichukua kurasa mbili za kitabu cha hadithi, moja nikaipitisha kwenye jieba, programu ya kukata maneno, ikatoka na nafasi. (Jieba maana yake ni "kigugumizi". Aliyeipa jina hilo namheshimu.) Ule ukurasa wenye nafasi niliusoma kama mtu mzima. Ule mwingine niliusoma kidole kikiwa kwenye karatasi.

Lakini siutaki. Nikizoea nafasi nitakuwa kama anayejifunza baiskeli na magurudumu ya pembeni: mtaani hakuna bango hata moja la Tianjin litakaloniwekea.

Jumanne, 3 Desemba

Washiriki 22. Lengo ni 40, ishirini kila upande, na upande wa wasiojua ndio unaonitesa. Mwalimu ameuliza kama tayari naona kitu. Nimemwambia sijafungua. Ameinua nyusi, kisha akatikisa kichwa kwa namna niliyoichukulia kama sifa.

Jana usiku nilikwenda kula na jamaa wa Mbeya kwenye kibanda cha jianbing, chapati ya Kichina ya yai, karibu na lango la kusini. Mama anayepika alikuwa amebandika karatasi mpya kwenye kioo, namba ya kuagizia. Jamaa akainama akaisoma, mdomo ukichezacheza.

"Kaka, hapo juu si wameandika simu?"

Nikatazama. 电话.

"Umejuaje?"

"Si ipo kwenye kadi zako? Umeme na ile nyingine, zinakaa pamoja kila siku. Nikamuuliza yule binti wa ghorofa ya pili, akaniambia ni simu. Na mwanafunzi nalijua. Na treni."

Treni ilikuwa kwenye kadi ya volkano, niliyokuwa nimemwonyesha nikicheka. Majaribio 240, mara mbili, hanzi zile zile jozi kwa jozi, na mimi nilikuwa nikimwambia ayaangalie tu.

Nimefuta jina lake kwenye safu ya wasiojua. Wamebaki kumi. Alhamisi kuna Mrundi mmoja anayefika kutoka Bujumbura. Nimeomba namba yake kabla hajatua.